Nafasi ya Mtu wa Nane

Mlinijia na simu zenu wiki iliyopita, mkaniwekea moja karibu na mdomo, mkasema: Papa Bauma, wewe ita tu, sisi tutarekodi, kisha utapumzika. Niliwakatalia, na najua mliondoka mkinung'unika. Basi nimekaa nimeandika. Karatasi haikohoi, na mimi siku hizi nakohoa kuliko ninavyosema. Someni kwanza. Kama mkimaliza bado mnaitaka sauti yangu ndani ya simu, njooni nayo, sitawafungia mlango.

Kwa yule asiyetujua, niseme: hapa Lushebere, Masisi, tuna klabu ya watu wazima wasio na mwenzi. Wajane, wagane, walioachwa, na sisi wengine ambao hatukuwahi kuoa wala kuolewa, ambao karani hutuandika selibatere kwenye karatasi yake kisha anamwita anayefuata. Mitaani wanatuita ba peke yabo, watu wa peke yao. Zamani jina hilo lilituuma, siku hizi tumelizoea. Kila Jumapili baada ya misa, kabla mvua haijashuka, tunakutana kwenye ukumbi wa zamani wa kiwanda cha jibini na kucheza kare, dansi ya mraba. Watu wanane, jozi nne, kila jozi inasimama upande wake wa mraba uliochorwa sakafuni kwa chokaa. Nje ya mraba, juu ya sanduku, anasimama mtu mmoja anayewaambia waende wapi: vuka, zunguka, songa, rudi. Huyo ndiye mwitaji. Mimi nilikuwa mwitaji tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka koo liliponigomea.

Mchezo wenyewe haukuzaliwa hapa. Uliletwa na mzungu mmoja, daktari wa ng'ombe, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda hicho cha jibini. Alikuwa amefiwa na mke huko kwao, na Jumapili zilimshinda. Siku za kazi alikuwa mtu mzima kabisa, anapiga sindano ng'ombe hamsini bila kuchoka. Jumapili alizunguka ukumbini mikono nyuma, akihesabu jibini ambazo alikuwa amezihesabu Jumamosi. Ndipo akaanza kuwafundisha wakamuaji wake mchezo wa kwao. Nchi ilipochemka akaondoka na begi moja, akatuachia mraba na sanduku.

Mkalimani wake alikuwa Papa Kibira, katekista, mgane, mtu mfupi mwenye kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. Yeye ndiye aliyegeuza miito ya mzungu kuwa Kiswahili chetu, na yeye ndiye aliyenifundisha. Somo lake la kwanza lilikuwa kunisimamisha juu ya sanduku nikiwa nimewapa wachezaji mgongo.

"Ita," akasema.

"Nitaita namna gani, Papa, na mimi sibaone?"

"Sikia miguu. Ile inalia tapa-tapa iko mabuti ya Mama Josefina. Ile inakokota iko muguu ya mugonjwa. Sura ya bantu inadanganya, Bauma. Muguu haijue kudanganya."

Nilisimama hivyo miezi miwili. Mpaka leo nikisikia mtu anapita nje ya nyumba yangu, najua kama amelala vizuri au la. La pili alilonifundisha ni kuita mapema. Mguu ukishafika, mwito wako umechelewa. Unamwambia mtu "zunguka" wakati bado anavuka, hatua mbili kabla, ili neno limkute njiani. Nilichelewa sana mwanzoni. Watu waligongana vifua, na kwa wengine nadhani hilo halikuwachukiza.

La tatu ni kuhusu sakafu. Ukumbi wetu, kama kila kitu Masisi, umejengwa kwenye mteremko, na kare ikizunguka dakika kumi inateremka yenyewe kuelekea mlangoni. Waweke watu wazito upande wa chini. Usiwaambie kwa nini.

Na muziki. Zamani tulikuwa na gita la Papa Kibira lenye nyuzi nne kati ya sita. Ikaja redio ya kaseti, iliyokula betri kuliko mtoto anavyokula muhogo. Sasa mna bafle, spika kubwa, na paneli ya jua, hongereni. Lakini ogopeni seben. Rumba inaanza taratibu, watu wanasonga kwa adabu, mwitaji anajiona mfalme. Halafu gita linapanda, seben inaingia, na wajane wako wote wanane wanasahau mraba, kila mmoja anatikisa kiuno anapopaona panafaa. Siku moja nilibaki juu ya sanduku nikipiga kelele "rudi nyumbani, rudi nyumbani" kwa watu ambao hawakuwa na nia ya kurudi. Tangu hapo nilichagua nyimbo kwa kusikiliza mwisho wake kwanza.

Ila hayo yote ni ya mtu yeyote mwenye masikio. Kazi ya mwitaji wa huku kwetu iko kwingine, na hapo ndipo simu yenu itakapowaaibisha. Kabla hujajua kuita, ujue nani ni mkwe wa nani.

Nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa nimeanza kushika sanduku peke yangu, nikapokea wageni wawili siku moja: Kaka Baseme, mgane wa makamo, na mama mmoja mjane mwenye heshima zake. Sikuuliza. Nikaita, "Wanaume songeni moja, mshike mikono." Baseme akasonga, akainua macho, akamwona mama wa marehemu mke wake. Mama yule akajifunika kitenge uso mzima na kuanza kutembea kinyumenyume kuelekea mlangoni. Baseme akajificha nyuma ya nguzo nyembamba, tumbo likionekana upande huu na mgongo upande ule.

"Huyu iko mukwe wangu," mama akasema kutoka ndani ya kitenge. "Munataka nikufe na haya mbele ya bantu?"

Nilipeleka kuku wawili, mmoja kwake na mmoja kwa Baseme, na Papa Kibira alicheka mpaka wakampa maji. Tangu siku ile kila mgeni nilimkalisha kwenye benchi kabla hajaingia mrabani. Umetoka wapi, umezaliwa na nani, uliolewa wapi, nani wa ukoo huo yuko hapa. Kambi ya waliokimbia vita ilipojaa watu kutoka Ngungu na Kashuga, maswali yaliongezeka, maana watu walifika bila wazee wa kuwasemea. Nilikuwa na koo zote za bonde hili kichwani. Ukoo wangu mwenyewe ulikuwa umekwisha, mimi nikiwa wa mwisho.

Kuna jambo lingine la klabu lazima mlijue, maana mliingia juzi na mnaliona kama mchezo wa chai. Mwito wa mwisho ni "nyumbani". Mwitaji akisema nyumbani, kila mwanaume anabaki na mwanamke aliye naye wakati huo, na wawili hao wanakula sahani moja: viazi vya kuchemsha na kipande cha jibini. Wengi wanakula, wanacheka, wanaagana. Wengine wanakula hivyo Jumapili tatu, nne, kisha tunaona wanakuja pamoja chini ya mwavuli mmoja. Hao tunawafukuza kwa nyimbo, kwa sababu klabu ni ya wasio na mwenzi. Tumefukuza jozi nyingi. Wapo waliorudi mwaka mmoja baadaye, wakasimama dirishani wakichungulia, bwana mmoja akaniuliza kama anaweza kutengana na mkewe kwa alasiri moja tu.

Kwa hiyo pale mwitaji anapokuachia ndipo watu watakapokuweka midomoni. Wachezaji wanadhani kare inazunguka na kusimama kama mvua inavyosimama. Siyo. Wanawake hukaa upande wao, wanaume husonga mmoja mmoja kwenda kuume. Wanaume ni wanne. Ukiita "songa" mara nne, kila mmoja amerudi alipoanzia. Mara tano, yuko kwa jirani. Mwitaji anayejua kuhesabu anajua nani atakula na nani kabla wimbo haujaanza. Niliwapatanisha watu waliogombana, nikawatenganisha waliokuwa wanadanganyana. Mara moja nilimpa Mama Josefina sahani ya mtu aliyekuwa na jino bovu, maana nilijua ana njaa na bwana yule hatatafuna.

Nilifikiri huo ni ujanja wa kazi. Mama Solange ndiye aliyenionyesha kwamba ni mzigo.

Alitoka Ngungu na watoto wawili na sufuria moja. Mume alikuwa amekufa njiani kwa homa, si kwa risasi, na kwa sababu hiyo watu hawakumhurumia sana. Ukoo wa mume ulikuwa hapa Lushebere tangu zamani, ukampokea, ukampa kipande cha shamba la maharage kando ya kijito. Alikaa matanga yake mwaka mzima. Walipomtoa matanga, akaja ukumbini Jumapili iliyofuata, akakaa kwenye benchi la maswali, akanijibu yote bila kuangalia chini. Alikuwa na mikono mikubwa ya jembe. Alipoingia mrabani mara ya kwanza na kushikwa mkono, niliona mabega yake yakishuka, kama mtu anayetua kuni. Kuna watu kati yetu ambao mkono wa mwisho kuwashika ulikuwa siku ya maziko. Nimewaona wengi. Yeye nilipomwona nikashindwa kuita mwito uliofuata.

Nilimpenda. Naandika hivyo kwa sababu katika umri wangu sina wa kumficha. Nilimpenda miezi minane nikiwa juu ya sanduku, na sikumwambia hata neno moja lisilo la kare. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi niliusoma msemo huo darasani kama wenzangu wote, nikaujibu vizuri kwenye mtihani.

Baada ya mwezi hivi akanifuata nilipokuwa nafagia chokaa.

"Papa Bauma, niko na neno. Uko naona Hangi?"

Nilimwona. Hangi alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, kijana mwenye miaka thelathini na kitu, mpole, anayefuga mbuzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameanza kuja kukaa benchi la nyuma.

"Ba famille banataka anirithi. Banasema shamba iko ya ukoo, na mimi niko ya ukoo. Mimi sitaki. Hangi iko mutoto kwangu, nilimupikia chakula kule Ngungu akingali anasoma. Wazee bananiangalia tu. Siku nitakula sahani moja naye mbele ya bantu, watasema nimekubali, na mambo imeisha. Kwa wengine iko muchezo. Kwa shemeji haiko muchezo."

"Nimesikia, mama."

"Usiniache naye ku mwisho. Njo hiyo tu naomba."

Ndilo tu aliloomba, nikaahidi. Na nililishika neno langu. Kila Jumapili nilimpanga Mama Solange amalizie kwa Papa Kibira, ambaye alikuwa mzee kiasi kwamba hakuna aliyesema lolote. Walikula viazi vyao, mzee akimsimulia habari za mzungu na ng'ombe. Mimi nilikula yangu nimesimama kando ya sanduku, nikiwaangalia. Hesabu ilikuwa safi. Kwa kweli nilijiona nimemfanyia mengi, na labda hapo ndipo niliporidhika na kidogo.

Jumapili moja Papa Kibira akaitwa Kashuga kumzika ndugu yake. Wachezaji wakabaki saba. Wanawake wanne, wanaume watatu, na upande wa Mama Solange uko wazi. Mnajua kare haichezwi na watu saba. Redio ilikuwa imeshafunguliwa, watu wameshasimama.

Sasa nisikilizeni vizuri. Papa Kibira alikuwa amenifundisha jambo moja ambalo sikuwahi kulitumia. Nafasi ikikosa mtu, mwitaji anaweza kushuka kwenye sanduku, kuingia mrabani na kuita akiwa ndani. Ni ngumu, unaita huku unazunguka, lakini inafanyika. Nilikuwa nimejizoeza nyumbani kwangu na viti vitatu na ndoo. Nilijua kabisa kufanya hivyo. Na niliona nafasi ile, iko hatua tatu kutoka kwangu, na Mama Solange amesimama kando yake, ananiangalia.

Sikushuka. Niliogopa kwamba nikimshika mkono, wachezaji saba na mabenchi yote wataona kwenye uso wangu kitu nilichokuwa nimekificha miezi minane. Niliogopa kuchekwa. Mzee selibatere, tena mwitaji mwenyewe, kumbe alikuwa anajitafutia. Hiyo ndiyo hofu yote niliyokuwa nayo, hakuna nyingine kubwa zaidi ya hiyo.

Nilipokuwa bado nafikiri, Hangi akainuka kwenye benchi la nyuma na kuingia. Nyuma yake walikuwa wamekaa baba mdogo wa marehemu na wazee wengine wawili wa ukoo. Hawakuwa na desturi ya kuja.

Nikajiambia, hesabu itatuokoa. Hangi anaanza na Solange, basi nitaita "songa" mara saba. Saba inamwacha kwa jirani yake, Solange atakula na fundi cherehani, kila mtu ataenda nyumbani. Nikaita. Moja, mbili, tatu. Nne, Hangi akapita kwa Solange, wakashikana, akazunguka. Tano. Kila nilipoita, Solange alinitazama. Hakumtazama Hangi wala miguu yake, alinitazama mimi, na nikadhani ananikumbusha ahadi. Nikatazama pembeni. Niliporudisha macho sikujua kama nimeita tano au nne. Wimbo ulikuwa unakwisha, lile gita lilikuwa linapanda. Nikaita songa, nikaita songa tena, nikaita tena moja ya kuwa na uhakika.

"Nyumbani."

Zilikuwa nane. Hangi alikuwa amemshika mkono.

Baba mdogo akapiga makofi taratibu. Mtu akaleta sahani. Solange aliishika akaiweka chini bila kuonja, lakini Hangi, kwa kuchanganyikiwa, alikuwa ameshamega kiazi. Alikimeza akiwa anatoa jasho. Nilisema sio mtu mbaya.

Kesho yake asubuhi wakaniita. Walikuwa wamekaa uani kwa baba mdogo, wazee watatu kwenye viti, Solange kwenye mkeka, Hangi amesimama kando ya mbuzi wake. Wakanipa kiti na pombe ya ndizi. Baba mdogo alikuwa mtu wa haki, hilo namkubalia.

"Papa Bauma, wewe njo mwenye kuita. Huyu mama anasema hakuchagua. Sahani hakula. Lakini alisimama na Hangi, bantu bote baliona. Tuambie wewe. Alisimama pale kwa mapenzi yake, ao ni wewe ulimuweka? Ukisema ni wewe, tutaacha. Hatutaki kuozesha muntu kwa kosa ya muntu mwingine."

Ndivyo alivyosema. Ukisema ni wewe, tutaacha. Mlango ulikuwa wazi hivyo.

Ilikuwa inatosha niseme: nilikosea hesabu. Lakini wangeuliza, hesabu gani? Ningelazimika kusema kwamba kare haisimami yenyewe, kwamba miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nawaweka, na kila ndoa ya klabu ingeanza kujiuliza. Wangeuliza kwa nini nilimlinda huyu mmoja miezi yote hiyo. Na jibu la hilo lilikuwa limekaa kwenye mkeka, mikono yake mikubwa juu ya magoti.

"Kare ilizunguka, baba," nikasema. "Ikasimama pale ilisimama."

Mbuzi mmoja alikuwa anatafuna kamba. Kisha Solange akainuka, akafunga kitenge chake.

"Basi," akasema. "Nimesikia."

Kabla ya Jumapili kufika alikuwa ameondoka na watoto wake kwa pikipiki kwenda Walikale, kwa kaka yake. Maharage yake kando ya kijito yalikuwa yameanza kutoa maua, akayaacha. Ukoo ukampa shamba mtu mwingine. Hangi alioa msichana wa Kashuga na sasa wana watoto sita, wazuri sana.

Papa Kibira aliporudi kutoka mazikoni nilimweleza yote, nikidhani atanitukana. Akaniuliza tu, "Na viti vyako vya nyumbani, uliviambia nini?" Alikuwa ananijua kuliko nilivyofikiri. Alikufa msimu uliofuata, nami nikaendelea kuita. Niliita vizuri kuliko zamani, ukitaka kujua. Sikupanga tena mtu yeyote. Kabla ya kila wimbo nilitupa mbegu za maharage kwenye kofia na mtoto akachota, idadi aliyochota ndiyo niliyoita. Watu walisema nimezeeka, nimepoteza utamu.

Miaka ikapita, njia ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Koo likaanza kunigomea, nikashuka kwenye sanduku kwa heshima, mkanipa blanketi na hotuba ndefu. Jumapili zangu zikawa kama za yule mzungu. Nilianza kupanga vikombe.

Ndipo dereva mmoja wa pikipiki aliyelala kwa jirani yangu akaniambia kwamba kule Walikale nako kuna watu wanacheza kare. Nikacheka. Akasema ni kweli, chini ya paa la maturubai, kwenye udongo, nao wanachora kwa majivu maana chokaa hakuna. "Na mwenye kuita iko mama. Anaita mbele, hatua mbili mbele ya muguu. Mimi nilicheza, sikugongana na muntu."

Nilikwenda. Siwaelezi safari, mnaijua njia ile na matope yake, na mvua ya msituni isiyojua Jumapili. Nilifika siku ya nne nikiwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Sikuwa nimepanga neno moja la kusema. Nilikuwa nimepanga saba, kumi, ishirini, na yote yalibaki njiani.

Alikuwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa. Nywele zimeingia mvi, sauti yake nzito. Mbele yake kulikuwa na wawindaji wagane, wajane wenye vikapu vya ndizi mgongoni walioahirisha kwenda nyumbani, wote wanasonga kwa maneno ambayo Papa Kibira alitoa kwa mzungu na mimi nikayatoa kwa Papa Kibira. Sikumfundisha hata siku moja. Aliyaokota akiwa anacheza. Wimbo ulipokwisha akashuka, akanijia.

"Papa Bauma. Umekonda."

"Na wewe unaita."

"Niko naita. Hapa hakuna muntu wa kuniweka fasi yoyote."

Tulikaa kwenye gogo. Akaniuliza habari za watu wa Lushebere, nikamwambia waliokufa. Watoto wake ni wakubwa, mmoja ni mwalimu. Kaka yake alimpokea vizuri. Hakuolewa tena. Kisha akaangalia majivu yaliyoanza kufutika.

"Ile siku, ulikosa hesabu?"

"Nilikosa, mama."

"Na nafasi ya Papa Kibira?"

Nilikuwa nimesafiri siku nne na maisha yote kufika kwenye swali hilo.

"Ile sikukosa," nikasema. "Niliiona. Nilijua kuingia. Niliogopa."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeletewa barua ambayo yaliyomo anayajua.

"Hata mimi niliiona," akasema. "Njo maana nilikuangalia. Hukufahamu? Sikukuangalia juu ya hesabu. Nilikuwa nakungojea ushuke."

Nililia, niwaambie ukweli, mzee mzima juu ya gogo, na wawindaji wakageuza nyuso kwa adabu. Nilipopata sauti, hiyo kidogo iliyobaki, nikamuuliza jambo ambalo nilipaswa kumuuliza miaka ile, hatua tatu kutoka kwenye sanduku. Nikamuuliza, na sasa?

Aliangalia kare iliyokuwa inajipanga. Walikuwa saba.

"Nafasi iko, Papa. Ingia," akasema, akasimama na kukung'uta kitenge. "Lakini mimi njo niko naita."

Akapanda juu ya kinu. Nami nikaingia mrabani kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Miguu haikujua kitu, ila sauti yake ilinikuta njiani kila mara, hatua mbili kabla. Alisema vuka, nikavuka. Alisema zunguka, nikazunguka, nikamwona, nikampa mgongo, nikamwona tena. Nilikwenda kila mahali aliponituma. Na aliposema nyumbani, hesabu yake ikiwa safi, nilikuwa nimemshika mkono mama mmoja wa pale, mtu mwema, ambaye mpaka leo sijui jina lake.